Kazi Palma au kazi Lamu na Mandera: fundi wa Tanga apime nini kabla ya kusaini

Kazi za bomba la mafuta pale Chongoleani zimeanza kupungua kwa baadhi ya fani. Wachomeleaji, watu wa skafoldi, madereva wa mitambo, vibarua wa zege, wengi mikataba imeisha au iko mbioni kuisha, na sasa hivi simu za madalali zinaita. Ofa zenyewe ziko pande mbili. Kuna za kusini, Msumbiji, mkoa wa Cabo Delgado, kule Palma kwenye mradi wa gesi wa Afungi ambao TotalEnergies waliusimamisha 2021 na mwishoni mwa 2025 wakatangaza wanarudi. Na kuna za kaskazini, Kenya, bandari ya Lamu na barabara zake, au mbele zaidi huko Garissa na Mandera kwenye machimbo ya mawe na ujenzi wa majengo ya serikali. Pesa ya pande zote mbili inavutia kuliko kukaa kijiweni Ngamiani unahesabu siku. Ila kuna jambo dalali hakwambii akikupigia, kwamba pande zote mbili kuna watu wenye silaha wanaoua wafanyakazi kama wewe kwa makusudi, na wanaua kwa njia tofauti kabisa, kwaiyo hata namna ya kujihami inabidi iwe tofauti.

Msimamo wangu nausema mapema. Usichague kwa jina la nchi wala kwa mshahara. Angalia mambo mawili, unalala wapi na unasafirishwa vipi. Mengine yote yanafuata hapo, na nitaeleza kwanini.

Nani yuko wapi

Kwanza tuondoe mkanganyiko mana kijiweni watu wanachanganya sana. Kaskazini ni Al-Shabaab wa Somalia. Walitokea kwenye kikosi cha vijana cha zile Mahakama za Kiislamu zilizoshika Mogadishu 2006, jeshi la Ethiopia lilipoingia Desemba mwaka huohuo mahakama zikasambaratika lakini wao wakabaki na wakakua. Februari 2012 wakatangaza rasmi kujiunga na Al-Qaeda. Mogadishu wametolewa tangu Agosti 2011, Kismayo 2012, lakini vijijini kusini na kati ya Somalia wanatawala mpaka leo, wana mahakama zao, wana kodi zao, wana usalama wao wa ndani unaoitwa Amniyat ambao hata wapiganaji wenyewe wanauogopa. Umoja wa Mataifa umekuwa ukikadiria wapiganaji wao kati ya 7,000 na 12,000 na mapato kiasi cha dola milioni 100 kwa mwaka. Lori likipita kwenye kizuizi chao linalipa na linapewa risiti, na ukionesha risiti hiyo kizuizi kinachofuata hulipi tena. Wafanyabiashara wa Mogadishu, mji ulio mikononi mwa serikali, wanawalipa pia. Sasa fikiria kundi linaloweza kutoza kodi mji lisioutawala, hao sio wahuni wa msituni.

Kusini ni watu wengine. Wenyeji wa Cabo Delgado wanawaita mashababu pia, ndio maana watu wanachanganya, lakini sio tawi la wale wa Somalia. Hawa walianza kama vijana wa dini waliogombana na mashehe wao misikitini, wakajitenga, wakajenga misikiti yao, na baadhi ya waliowachochea walikuwa wafuasi wa yule mhubiri wa Mombasa Aboud Rogo aliyeuawa Agosti 2012. Tarehe 5 Oktoba 2017 wakavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia na vita ikaanza. Dola la Kiislamu, hawa wa ISIS, wakaanza kudai mashambulizi yao 2019, na 2022 wakawapa mkoa wao wenyewe kwenye mpangilio wao. Ukitazama idadi hawafiki hata robo ya wale wa Somalia. Kabla ya 2021 walikuwa maelfu, baada ya wanajeshi wa Rwanda na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kuingia wakapungua mpaka makadirio ya 2023 yakawa kama 280 hivi. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Bonomade Machude Omar, aliuawa Agosti 2023. Na bado Mei 2024 waliingia mji wa Macomia wakakaa wanapora maghala, na 2025 walishuka mpaka wilaya za Nampula. Kwaiyo mtu akikwambia wamekwisha, muulize wanaoua huko ni akina nani.

Kwa mtu wa Tanga kuna tofauti nyingine. Kaskazini huko ndani lugha yao ni Kisomali, wewe na Kiswahili chako unajulikana mgeni kabla hujamaliza sentensi. Kusini wanaongea Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili pia, na ndani yao wamo Watanzania. Mmarekani alipowawekea vikwazo 2021 mtu aliyemtaja kuwa kiongozi, Abu Yasir Hassan, ni mzaliwa wa Tanzania. Watu wengine wanasikia hivo wanajifariji, eti tutaelewana. Hamtaelewana. Kiswahili chako kusini kinafanya pande zote mbili zikushuku, waasi wakuone jasusi wa serikali yenu, na askari wa Msumbiji akuone mmoja wao.

Wanavyompata fundi: kaskazini

Al-Shabaab upande wa Kenya hawaji kuteka mji wakakaa. Wanakuja wachache, wanavuka mpaka au wanatoka msitu wa Boni, wanapiga, wanapotea. Silaha yao kubwa kwenye barabara ni bomu la kutegwa, na barabara za Lamu kwenda Garissa zimeua askari wengi kwa namna hiyo. Lakini raia wanamchagua. Hapo ndipo fundi anatakiwa asome taratibu.

Tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, basi lilitoka Mandera kwenda Nairobi. Abiria karibu 60, wengi walimu waliofunga shule wanaenda makwao kwa Krismasi. Wakalisimamisha, wakalitoa barabarani, wakawatenga wasio Wasomali, wakawataka wasome Quran, walioshindwa wakalazwa chini wakapigwa risasi. Watu 28. Siku kumi baadae, tarehe 2 Desemba, usiku wa manane, wakaenda kwenye machimbo ya mawe Kormey, karibu na Mandera mjini. Wachimbaji walikuwa wamelala kwenye mahema yao. Wakawaamsha, wakawatenga vilevile, wakaua 36. Hawa hawakuwa askari wala wanasiasa, walikuwa vibarua waliotoka mikoa mingine kutafuta riziki, yaani ndio wewe hasa anayekutafuta dalali. Na sio hadithi ya zamani tu, Aprili 2025 wachimba mawe wengine waliuawa hukohuko Mandera kwa mtindo uleule.

Lamu nako, Juni 2014 waliingia Mpeketoni usiku watu wakiangalia Kombe la Dunia, wakapita nyumba kwa nyumba na kwenye gesti, zaidi ya watu 60 wakafa kwa siku mbili. Januari 2020 wakapiga basi Nyongoro, na siku chache baadae wakaingia kambi ya jeshi ya Manda Bay wakaua Wamarekani watatu. Mwaka 2022 wakavamia kambi ya wajenzi wa barabara ya Lamu kwenda Garissa. Lakini angalia vizuri ramani ya matukio haya utaona kitu: kisiwani Lamu penyewe, mji mkongwe, na gatini pale ambapo meli zinafunga tangu Mei 2021, sio ndiko kunakopigwa. Kunapigwa barabara ya kuingilia, vijiji vya bara, kambi za porini.

Kwaiyo Kenya ile ofa moja ni ofa tatu tofauti. Gatini Lamu unalala kisiwani au ndani ya eneo la bandari, hatari yako kubwa ni ile safari ya barabara kutoka Garsen kupitia Witu, ambayo mabasi yanapita kwa msafara wa polisi, na unaweza kuikwepa kwa ndege kutoka Mombasa au Malindi kama tajiri yako hajabana sana. Kambi ya barabara ndani huko kuelekea Ijara ni habari nyingine. Na machimbo ya Mandera ni habari ya tatu kabisa, huko hakuna fensi, hakuna msafara, unalala kwenye hema na kila mtu anajua mmelala wapi.

Wanavyompata fundi: kusini

Hawa wa Cabo Delgado kwa miaka ile ya nguvu zao walikuja kama Mto Zigi unapofurika, hawakuchagui, wanafagia. Nyumba zinachomwa, watu wanachinjwa, wasichana na wavulana wanachukuliwa, mji mzima unakimbia. Mocímboa da Praia waliiteka Agosti 2020 wakakaa nayo mwaka mzima mpaka Wanyarwanda walipoitoa Agosti 2021. Watu zaidi ya 6,000 wameuawa tangu 2017 na wakati mmoja waliokimbia makwao walifika milioni moja.

Palma yenyewe inafaa isomwe kwa makini mana ndio hiyo unayoitiwa. Machi 2021, tarehe 24, ilikuwa Jumatano, siku hiyohiyo kampuni imetangaza wafanyakazi warudi kazini. Mchana waasi wakaingia mji kutoka pande zaidi ya moja. Simu zikakatika. Kambi ya Afungi ipo kilomita chache tu kutoka mjini na ilikuwa na askari mamia wa kuilinda, lakini kazi yao ilikuwa kulinda kambi, mjini hakukuwa na wa maana. Wafanyakazi wa makampuni madogo waliokuwa wanalala mjini, kwenye mahoteli na kwenye makontena ya makandarasi, wakakimbilia hoteli ya Amarula, karibu watu 200. Wakasubiri kuokolewa. Helikopta za kampuni binafsi ya ulinzi zilikuwa ndogo, zinabeba wachache wachache, na Amnesty International baadae wakatoa ripoti ikiwanukuu manusura kwamba wazungu walitangulizwa, kampuni hiyo ya ulinzi ikakanusha. Tarehe 26 waliobaki wakaamua kutoka wenyewe kwa magari 17. Wakaviziwa getini tu. Magari 7 ndio yalifika ufukweni, na waliofika huko wakalala kwenye vichaka mpaka maboti yalipokuja. Meli moja ilibeba watu zaidi ya 1,300 kutoka Afungi mpaka Pemba, ya kule Msumbiji, sio Pemba yetu.

Ukielewa tukio hilo umeelewa nusu ya makala hii. Mpaka wa uhai na kifo pale Palma haukuwa dini, haukuwa kabila, ulikuwa fensi. Aliyelala ndani alitoka, wa nje alijitegemea. Na nani analala nje? Sio wa kampuni kubwa. Ni wa sabkontrakta, yule wa tenda ndogo ya chakula, ya usafi, ya kokoto, ya kupaka rangi, ambaye bajeti yake haijaweka kitanda chako ndani. Na ofa nyingi zinazofika Tanga, nasema hili kwa kuangalia zinazopita kwenye magrupu ya mafundi, ni za hao wa chini.

Sasa hivi hali imebadilika kiasi. Wanyarwanda wapo Palma na Mocímboa, watu wamerudi, masoko yamefunguliwa, na mradi wenyewe umejifungia zaidi kuliko zamani, watu na vifaa vinaingizwa kwa ndege na kwa meli. Waasi nao wamebadilika. Wamekuwa vikundi vidogo vinavyotembea, na tatizo kubwa limehamia barabarani. Ile barabara kuu ya N380 inayopanda kutoka kusini kupitia Macomia mpaka Awasse, wanaweka vizuizi, wanasimamisha magari, wanataka pesa, asiye na pesa anachukuliwa mpaka ndugu zake watume. Kwa maana hiyo kusini kumeanza kufanana na kaskazini, na dalali akikwambia "utashuka Pemba kwa ndege alafu mnapanda Costa mpaka saiti", hiyo Costa ndio swali lako zima.

"Mimi Muislamu, hawanigusi"

Hili nalisikia sana hapa Tanga na nataka nilichukulie kwa uzito mana kuna ukweli kidogo ndani yake na huo kidogo ndio unaoua.

Kaskazini ni kweli wanatenga. Kwenye basi la Mandera na machimbo ya Kormey, aliyesoma Quran aliachwa. Lakini hesabu ya waliouawa na Al-Shabaab tangu waanze, walio wengi mno ni Waislamu, Wasomali wenzao. Lori lililolipuka Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017 liliua zaidi ya watu 500, na hao ni wachuuzi, abiria, wanafunzi. Huko Mandera na Garissa wanawachinja machifu, polisi wa akiba, na yeyote anayeshukiwa kupeleka taarifa, na hao ni Waislamu watupu. Na Desemba 2015 karibu na El Wak waliposimamisha basi jingine wakataka kutenga, abiria Waislamu wakakataa, wanawake wakawapa Wakristo mitandio wajifunike, wakawaambia muueni kila mtu au muondoke. Mwalimu mmoja Muislamu, Salah Farah, alipigwa risasi kwenye tukio hilo na akafariki Januari iliyofuata. Hebu jiulize ukiwa kwenye basi hilo, na fundi mwenzako wa Muheza yupo kiti cha pembeni na jina lake ni la Kikristo, utafanyaje.

Kusini miaka ya mwanzo hawakujali hata kuuliza. Waliouliwa pwani ya Cabo Delgado wengi ni Wamwani, Waislamu kwa vizazi, wanaosoma maulidi kama sisi, na maulidi yenyewe waasi wanayaita uzushi. Aprili 2020 kijiji cha Xitaxi waliua vijana zaidi ya 50 kwa sababu tu walikataa kujiunga. Ni kweli mwishoni mwa 2022 walianza kuacha vikaratasi wakiwaambia Wakristo wasilimu, walipe jizia, yaani kodi ya asiye Muislamu, au vita, na kwenye vizuizi vya barabarani Mkristo anapata tabu zaidi. Lakini Muislamu anayefanya kazi kwenye mradi wa gesi kwao ni msaidizi wa makafiri. Kadi yako ya kazi shingoni itasomwa kabla ya jina lako.

Kwaiyo hapa ulinganisho uko hivi: Mkristo anayekwenda Mandera au ndani ya Lamu bara anajipeleka sehemu ambayo anatafutwa kwa jina, mimi ningemwambia asiende, mshahara wowote. Muislamu kaskazini ana nafasi kidogo zaidi barabarani ila hana kinga. Kusini jina halikuongezei kitu cha kutegemea.

Kutekwa, na nani atakutafuta

Al-Shabaab wameteka watu kwa muda mrefu na wanakaa nao. Aprili 2019 walichukua madaktari wawili wa Cuba Mandera asubuhi wakienda kazini, mlinzi wao akauawa palepale. Novemba 2018 dada wa Kiitaliano alichukuliwa Chakama, Kilifi, akavushwa Somalia na akarudi Mei 2020. Ukiwa mgeni wa nchi tajiri kuna serikali itakayozungumza. Ukiwa fundi wa Mabawa, sijui niseme nini, mjomba wako atauza shamba.

Kusini utekaji wa barabarani ni wa haraka, wanataka pesa ndogo ndogo kwa simu, lakini wavulana wadogo na wenye ujuzi hawaachiwi kirahisi, dereva, mtu wa redio, mtu wa afya, wanamtaka awatumikie. Fundi wa kuchomelea naye ana faida kwao. Na ukishakaa nao mwezi porini, hata kwa kulazimishwa, ukitoka una kazi ya kuwaeleza wanajeshi wa Msumbiji kwamba hukuwa mwenzao.

Ofa ambayo sio kazi

Kuna kundi la tatu la ofa na ningependa wazazi walisome hili hata kama hawana mtoto fundi. Makundi haya yote mawili yamewahi kupata vijana kwa kuahidi kazi au mtaji. Cabo Delgado mwanzoni waliwakopesha vijana wa pwani wafungue vibanda, wanunue nyavu, alafu deni likageuka kamba. Kwa Al-Shabaab, vijana wa pwani ya Kenya walipelekwa Somalia wengine wakijua wanakwenda kupigana na wengine wakiahidiwa mshahara tu. Watanzania wamo pia, 2019 mahakama ya Nairobi ilimhukumu Mtanzania kifungo cha maisha kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015 lililoua watu 148. Na sisi Tanga hatuwezi kujifanya hatujui, Februari 2015 kwenye mapango ya Amboni palikuwa na majibizano ya risasi na mwanajeshi wetu akafa. Kibiti na Rufiji 2017 polisi wanane waliuawa kwa siku moja, na Oktoba 2020 waasi kutoka Msumbiji walivuka Ruvuma wakaichoma Kitaya, Mtwara.

Ofa ya namna hiyo ukiiweka kando ya ofa ya kweli inajulikana. Kazi ya kweli inataka pasipoti, cheti chako cha VETA au cha mradi uliopita, vipimo vya afya, kibali cha kazi, na inakera kwa makaratasi. Ile nyingine haitaki karatasi hata moja. Utaambiwa usafiri ni wa boti usiku, au mnashukia njiani kabla ya Horohoro mnapitia njia za panya, simu zibadilishwe laini, na mama asiambiwe mpaka mfike. Anayekulipia nauli humjui na hataki uulize kampuni. Na mara nyingi kabla ya ofa kumekuwa na miezi ya mazungumzo pembeni, darsa la siri, video za vita, shehe wa mtaani anasemwa kauza dini. Kijana wako akianza kumkimbia mwalimu wake wa madrasa aliyemsomesha tangu alifu, usiseme ni ujana. Kaa nae, ita mjomba, ita shehe anayemuheshimu, na kama ameshapewa tarehe ya safari nenda polisi hukohuko kwenu kabla hajavuka, mana akishavuka sheria ya kuzuia ugaidi ya 2002 haina upole na anayerudi.

Mimi ningechagua hivi

Ningekuwa na ofa zote mezani leo, ya kwanza ningechukua bandari ya Lamu, ndani ya eneo la bandari au kisiwani, kama tajiri anakubali kuandika kwenye mkataba kwamba safari ya kwenda na kurudi ni ndege au msafara wa polisi. Mji ni wa Waswahili wenzetu, unakula unachokula kwenu, ukiumwa kuna mtu atakujulia hali. Mshahara mara nyingi ni mdogo kuliko Afungi na hilo linauma.

Ya pili Afungi, kwa masharti ambayo siyapunguzi. Kitanda ndani ya fensi, kimeandikwa. Kuingia na kutoka kwa ndege au meli ya mradi, kimeandikwa. Bima inayotaja vita na ugaidi kwa maneno, mana bima nyingi za kawaida zinavitoa vitu hivyo na watu hawasomi ukurasa wa nyuma. Na jina la kampuni kubwa iliyo juu ya hiyo inayokuajiri, pamoja na nani atakayekutoa kukiwa na tatizo. Mfano muulize hivi: "siku mji ukivamiwa, mimi niko kwenye orodha ya nani?" Akicheka au akisema Mungu ni mwema, mshukuru, kata simu.

Palma mjini kwa sabkontrakta, unalala gesti, siendi. Costa ya N380, siendi. Kambi za barabara za Lamu bara, siendi mpaka nione walinzi ni wangapi na kambi iko umbali gani na kituo cha jeshi. Machimbo ya Mandera na Garissa siendi kabisa, na hata Wakenya wenyewe wa mikoa mingine wameyakimbia, walimu wasio wenyeji waliomba uhamisho mpaka shule zikabaki na mwalimu mmoja.

Ukiamua kwenda kokote kati ya huko, acha nyumbani nakala ya pasipoti, ya mkataba, na namba mbili za watu wa saiti ambao sio dalali. Jiandikishe ubalozi wetu, Nairobi au Maputo. Tunza tiketi, tunza stakabadhi za mshahara, tunza kadi ya kazi hata ikishaisha muda. Siku unarudi na mihuri ya Msumbiji kwenye pasipoti, afisa atakuuliza ulikuwa Cabo Delgado unafanya nini, na ni heri umpe bahasha yenye makaratasi hayo kuliko kuanza kumsimulia.